Liboi, Mahali Ambapo Nyumba Hupanda Ngamia

Barabara kuu itokayo Thika huelekea mashariki, huvuka mto Tana kwa daraja, huingia mji wa Garissa, kisha huendelea katika nchi tambarare mpaka Dadaab na mwisho Liboi. Kutoka Garissa hata Dadaab ni karibu kilometa 100, na kutoka Dadaab hata Liboi ni karibu 80 nyingine. Hapo nchi ya Kenya imekaribia kwisha, maana mpaka wa Somalia hauko mbali, na ng'ambo yake uko mji wa Dhobley. Njiani hakuna kilima cha kupumzisha macho. Kuna mchanga, vichaka, na migunga yenye miiba mirefu, na mara moja moja swala twiga asimamaye kwa miguu ya nyuma apate kula majani ya juu. Mvua ni haba, na Liboi huhesabiwa miongoni mwa mahali penye joto kali kuliko pote katika Kenya.

Mgeni afikaye Liboi kwanza huona mambo ayajuayo tangu kwao: maduka ya pembe nne yaliyoezekwa kwa mabati, msikiti, ofisi za Serikali, kituo cha polisi, na malori yaliyojaa bidhaa na mavumbi. Lakini akitoka nje ya mji kidogo ataona nyumba za namna nyingine, fupi na za mviringo, kama bakuli kubwa zilizofudikizwa juu ya mchanga. Mgeni wa kutoka bara, aliyezoea nyumba ya kuta zilizonyooka, aweza kusema moyoni kwamba hivi ni vibanda tu vya watu wapitao, akaenda zake. Lakini wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Akiingia na kuuliza, ataona kwamba nyumba hizi zina ufundi wake, sheria zake, na heshima yake.

Wasomali huiita nyumba hii aqal. Haina tofali, haina msumari, wala haikuchorwa kwenye karatasi. Mifupa yake ni fito ndefu za matawi na mizizi ya miti, zilizopindwa zingali mbichi na kufungwa, zikakauka katika umbo la upinde. Siku ya kujenga, fito hizo huchimbiwa chini kwa kuzunguka duara, hukutanishwa juu na kukazwa kwa kamba. Fito nyingine hupitishwa ubavuni kuzishika zile za kwanza, kama mbao zishikavyo mbavu za jahazi. Ndani husimamishwa nguzo ya kutegemeza paa. Nguzo ya katikati kwa Kisomali huitwa udub-dhexaad, na neno hilo hilo hutumika kwa mtu au jambo ambalo wengine wote hulitegemea.

Mifupa ikisha kusimama huvikwa. Juu yake hutandikwa mikeka minene iliyofumwa kwa nyuzi za magome ya miti na kwa majani makavu, na pengine ngozi za wanyama juu ya mikeka. Hapa ndipo penye kazi kubwa. Kuisimamisha nyumba ni kazi ya saa chache, lakini kuifuma ni kazi ya miezi. Gome huchunwa, hulainishwa mpaka litoe nyuzi, nyuzi husokotwa, na mikono ya wanawake hufuma mkeka mmoja baada ya mwingine. Hivyo mtu aionaye aqal ikijengwa asubuhi na kukaliwa jioni hiyo hiyo asidhani kuwa ni kazi nyepesi. Sehemu kubwa ya kazi ilikwisha fanywa zamani, nayo imekuja imekunjwa.

Umbo lake nalo halikuchaguliwa bure. Pepo za nchi tambarare huvuma bila kizuizi, na ukuta ulionyooka huzikabili kifua kwa kifua. Nyumba ya mviringo huziacha zipite juu ya mgongo wake. Mchana, jua likiwa kali, mkeka wa chini waweza kukunjwa juu kidogo ili hewa ipite ndani, na usiku hushushwa tena. Mabati hupata moto upesi na kuumwaga moto huo juu ya vichwa vya waliomo. Mikeka na majani hayafanyi hivyo. Katika nchi ambayo kivuli ni mali, jambo hili si dogo.

Ndani ya aqal kila kitu kina mahali pake. Sehemu ya mbele, karibu na mlango, ni ya mgeni, ya mazungumzo, na ya chai ya maziwa. Sehemu ya nyuma ni ya kulala. Huko huwekwa kitanda cha fito kilichoinuliwa kidogo kutoka chini, kikatandikwa mikeka na ngozi, na pazia hukificha kisionekane na kila aingiaye. Vyombo vya maziwa, vya mti au vya kufumwa, hufukizwa kwa moshi wa miti maalumu, na moshi huo huyapa maziwa ladha na kuyafanya yakae bila kuharibika upesi. Nje, boma la matawi ya miiba huzunguka nyumba na mifugo, kuwazuia fisi na simba.

Jambo litakalomshangaza zaidi msomaji wa bara ni kwamba nyumba hii ni ya mwanamke. Mwanamke ndiye aifumaye, ndiye aijengaye, na ndiye aibomoaye wakati wa kuhama. Binti anapoolewa, mama yake na jamaa zake wa kike humtengenezea mikeka na fito za nyumba yake, naye huenda nayo kwa mumewe. Mwanamume mwenye wake wawili hana nyumba moja yenye vyumba viwili, maana kila mke ana aqal yake. Mume ana ngamia, ana kisima, ana neno katika baraza la wazee, lakini alalapo chini ya paa huwa ndani ya kazi ya mikono ya mkewe.

Halafu hufika siku ya kuhama. Nchi hii ina misimu minne: mvua kubwa ya gu, ambayo kwa kawaida huanza Aprili, kiangazi chake, mvua ndogo ya deyr, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba, na kiangazi kirefu cha jilaal kabla ya gu nyingine. Majani yakiisha mahali pamoja, mifugo haiwezi kungoja. Wanawake huvua mikeka, hufungua kamba, hung'oa fito, na ngamia wa mizigo hupigishwa magoti. Mikeka huwekwa mgongoni kama matandiko, na fito zilizopindwa hufungwa huku na huku, zikainuka juu ya mnyama kama pembe kubwa. Ndani ya fito hizo hukalishwa mtoto mdogo, au mwana-mbuzi aliyezaliwa juzi, au mzee asiyeweza kutembea. Yaani nyumba ile ile iliyokuwa paa huwa sasa tandiko, tena kiti cha safari. Hakuna fito iliyobebwa bure.

Huenda msomaji akasema kwamba yote haya ni mazuri, lakini nyumba yenye cheo ni ya mawe, kama majumba ya mabwana wa Kiingereza. Neno hilo lastahili kupimwa, na mfano hauko mbali. Huko Njoro, karibu na Nakuru, lipo jumba la mawe alilojenga Maurice Egerton, Lodi wa ukoo wa Egerton wa Tatton. Lilianza kujengwa mwaka 1938, kazi ikakatizwa na Vita Kuu ya Pili, likamalizika 1954. Lina vyumba zaidi ya 50, na mwenyewe hakuoa wala hakuwa na mtoto. Alifariki 1958, na siku hizi jumba liko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Egerton. Jumba hilo lilijengwa kwa kufuata majumba ya kale ya Uingereza, ambamo bwana mwenye ardhi alikaa na kuwatawala wakulima waliomzunguka. Kwa hiyo yafaa kulitazama moja la asili yenyewe.

Liko jumba liitwalo Stokesay, katika jimbo la Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Aliyelijenga, Laurence wa Ludlow, alikuwa mfanya biashara ya sufu ya kondoo, mmoja wa matajiri wakubwa wa Uingereza wakati wake. Mwaka 1291 Mfalme Edward wa Kwanza alimpa ruhusa ya kuliimarisha jumba lake kama ngome. Mwaka 1294 Laurence alizama baharini katika safari ya biashara yake ya sufu, lakini nyumba ikabaki.

Sehemu kuu ya Stokesay ni ukumbi mmoja mkubwa wenye urefu wa kama mita 16, na paa lake la boriti nene hupanda juu sana. Hauna dohani. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, juu ya jiko la mawe, na moshi ulipanda kwenye boriti na kujitafutia njia ya kutoka. Katika ukumbi huo bwana, watumishi, na wageni walikula pamoja. Bwana na mkewe walikuwa na chumba cha faragha pembeni, kilichopandiwa kwa ngazi ya nje, na katika ukuta wake yalikuwamo matundu madogo ya kuchungulia ukumbini, kuona nani yumo na anafanya nini. Nje palikuwa na mnara wa mawe, na handaki lililozunguka pote.

Msomaji aliyekwisha kuingia katika aqal ya Liboi hatapotea akiingia Stokesay. Huku mali ni ngamia na mbuzi, kule ilikuwa kondoo. Huku mbele ni pa mgeni na nyuma ni pa faragha, kule ukumbi ulikuwa wa wote na chumba cha juu kilikuwa cha wenyewe. Huku pazia, kule ukuta wenye matundu. Huku boma la miiba kwa ajili ya fisi, kule handaki na mnara kwa ajili ya adui. Hata moshi katika boriti wafanana na moshi katika fito. Watu wa mpaka wa Wales na watu wa mpaka wa Somalia waliulizwa maswali yale yale: Mgeni akae wapi? Siri ikae wapi? Mali ilindwe vipi? Nao walijibu kwa vitu walivyokuwa navyo.

Tofauti kubwa ni katika urithi. Nyumba ya mawe haiwezi kumfuata mtu, basi watu huifuata nyumba. Kwa desturi ya zamani ya Uingereza, jumba na ardhi yake vilishuka kwa mtoto wa kiume wa kwanza, ili visigawanyike, na wadogo zake walijitafutia riziki kwingine. Nyumba ya Liboi haishuki namna hiyo. Mama humpa binti fito na mikeka, lakini zaidi humpa mikono ijuayo kufuma. Mikeka huchakaa na fito huvunjika, na kila mwaka sehemu fulani hufanywa upya. Baada ya miaka mingi huenda usimkute humo mkeka hata mmoja wa harusi, na bado nyumba ni ile ile, maana yule aijuaye yupo.

Stokesay nayo ilipata siku mbaya. Mwaka 1645, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, ilisalimishwa kwa jeshi la Bunge, na kwa bahati haikubomolewa yote. Baadaye iliachiwa wapangaji. Ukumbi uliokuwa wa karamu ukawa ghala, chumba cha chini kikawa karakana ya mhunzi, na mahali pengine pakatengenezwa mapipa. Mwaka 1869 tajiri mmoja, Allcroft, aliununua ule uwanja wote na kuanza kuyatengeneza mapaa na kuta. Watu wa leo hulipa kiingilio ili kuuona ukumbi ule. Kwa zaidi ya miaka 100 wenyewe hawakuujali, lakini mawe yalingoja.

Nyumba za Liboi nazo zimepita katika taabu, na taabu zao zimekuwa kali zaidi kwa kuwa hazina mawe ya kungoja. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, iliyokuwa sehemu ya Kenya, na mpaka uliokuwa mto Juba ukasogezwa magharibi, ukapita karibu na Liboi. Malisho yaliyokuwa ya watu wa ukoo mmoja yakawa ya nchi mbili. Kisha vikaja vita vya shifta, vilivyoanza 1963 na kutulizwa kwa mapatano ya Arusha ya mwaka 1967. Katika miaka hiyo wafugaji wengi walikusanywa vijijini kwa amri, na mifugo mingi ilipotea. Mtu aliyezuiwa kuhama hana haja ya ngamia wa mizigo, na asiye na ngamia wa mizigo hana pa kuipandisha nyumba yake.

Mwaka 1991 Serikali ya Somalia iliangauka, na makundi ya watu yakavuka mpaka. Liboi ndipo walipopokewa wengi wa mwanzo, na kambi ikawekwa hapo. Baadaye wakimbizi walihamishiwa kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera. Mwaka 2011, ukame na vita vilipoungana, idadi yao huko Dadaab ilizidi watu 400,000. Wanawake hao walijenga walivyojua: walikata matawi, wakayapinda, wakayafunga. Lakini gome la kufuma halikuwapo, wala muda, basi walivika mifupa hiyo turubai za msaada, vitambaa, na magunia. Aliyepita Dadaab siku hizo aliona umbo la aqal limesimama maelfu kwa maelfu, likiwa limevaa nguo za kuazima. Na kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo miti ya karibu ilivyokwisha, kwa fito na kwa kuni, hata mwanamke akalazimika kwenda mbali, mahali asipokuwa na usalama.

Halafu ukaja ukame wa miaka ya 2020 hata 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Jamaa nyingi zilizokuwa na ngamia zilibaki na mbuzi wachache, na zilizokuwa na mbuzi wachache zilibaki mikono mitupu, zikasogea karibu na barabara na visima vya mashine. Huko mwenye nguvu hujenga kwa mabati.

Si haki kumlaumu mtu huyo. Nyumba ya mabati ina mlango wenye kufuli, na mikeka haina. Aliyekaa mahali pamoja hupeleka watoto shuleni mwaka mzima, na mama mjamzito huifikia zahanati kwa urahisi. Mwanamke aliyesuka nyuzi za magome tangu utoto, akavunja boma na kujenga boma tangu ujana, ana haki ya kutaka paa ambalo halitaki kufumwa upya kila mwaka. Watu wasiolala katika joto la Liboi wasimwambie kwamba adumu katika taabu ili wao wapate kitu kizuri cha kupiga picha.

Lakini neno moja lapasa kusemwa mapema. Jumba la mawe likiachwa huwa gofu, na gofu laweza kununuliwa na kutengenezwa na mtu ambaye hata hakuwajua waliolijenga. Allcroft hakufundishwa na Laurence. Aliyakuta mawe, na mawe yakamfundisha. Aqal haiachi gofu. Siku ihamishwapo, baada ya msimu mmoja wa upepo hakuna alama mchangani ila majivu ya moto na duara la vishimo vilivyofukiwa. Kizazi kimoja cha mabinti kikikua bila kujua gome lipi lachunwa, wakati gani, na fito yapindwa namna gani, hakuna atakayeweza kuijenga tena kwa kutazama mabaki, kwa sababu mabaki hayatakuwapo.

Kwa hiyo kinachohitaji kulindwa huko Liboi si nyumba moja iliyozungushiwa ua, bali ni ujuzi wa akina mama ambao bado wanakumbuka. Mahali pa kuulinda ni papo hapo: binti akaaye katika nyumba ya mabati aketi na bibi yake alasiri, ajifunze kusokota na kupinda. Mwalimu wa shule awaalike wazee wa kike waje waonyeshe kazi yao, kama aalikavyo seremala au mhunzi. Na akina baba waiache hai migunga itoayo magome, maana bila mti hata mwenye ujuzi atakaa bure.

Msafiri arudipo Garissa jioni, huenda akakutana na ngamia mmoja au wawili wakitoka katika vichaka, wamebeba fito zilizopindwa zikichezacheza juu ya migongo yao, na mwanamke akiwaongoza kwa kamba. Hapo asiseme kwamba ameona mizigo. Ameona nyumba yenye ukumbi, chumba, kitanda na nguzo, ikitembea kwenda kutafuta majani, na mwenye nyumba mwenyewe ametangulia mbele.